Sauti ya Kitunguu

Nyumbani kwenu,
Chumba cha mbele, kando ya cherehani,
Jumamosi, tarehe 6 Desemba.

Mpendwa mwanangu,

Nakusalimu kwanza, habari baadaye. Hujambo? Kifua kimepona? Na miguu je, bado inavimba kwa kusimama wodini tangu asubuhi? Baba yako Mkubwa anasema uiinue juu ya mto unapolala. Anasema hivyo kwa kila ugonjwa, hata wa meno. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua ninapopanda ngazi, lakini kwa kuwa nyumba yetu haina ngazi, tumeelewana.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kalamu nyekundu nikiwa nimeiweka mbali kwa makusudi. Mwandiko wako umechoka, mwanangu. Herufi zinalala chali. Hilo lilinieleza hali yako kuliko maneno yenyewe.

Uliandika kwamba mwanao akirudishwa darasa kwa sababu ya kutosema, utaacha masomo ya uuguzi, utafunga sanduku na kurudi nyumbani. Uliandika pia kwamba huoni maana ya kutunza wagonjwa wa watu ilhali mtoto wako mwenyewe amenyamaza, na kwamba amenyamaza kwa kukukasirikia. Najua jicho lako limekwisha kukimbilia chini ya ukurasa kutafuta jibu. Lirudishe. Nitakueleza kila jambo mahali pake, nawe sanduku lisitoke chini ya kitanda kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe. Hata kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza ulikuwa ukianzia kwenye picha ya mwisho.

Nianze na hali ilivyokuwa, maana ukiwa mbali unaweza kuiona kubwa zaidi au ndogo zaidi. Hapa nyumbani mwanao, Bwana Mdogo wetu, hakuwa bubu. Alikuwa akizungumza na babu yake chini chini, wakipanga vifungo kwa rangi, na mimi alinijibu nilipomwuliza. Lakini alijibu kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa. Akivuka lango la shule, hata hiyo ilikwisha. Akiitwa jina, alinyoosha mkono. Akiulizwa swali, aliandika jibu na kulisogeza ukingoni mwa dawati ili mwalimu alisome. Hati yake ni safi, vituo viko mahali pake, na insha zake ningempa alama nzuri hata mimi, nawe unajua nilivyo bahili wa alama. Na simu yako ya Jumapili unaijua mwenyewe: alikuwa akiishika kwa mikono miwili, anasikiliza, halafu anampa babu yake.

Mwanzoni mwa muhula huu Mwalimu Mkuu alituita. Ofisi yake ina viti viwili vya wageni, kimoja mguu wake ni mfupi, na hicho ndicho kilichoniangukia. Alizungumza kwa adabu, sina kinyongo naye. Alisema darasa la tano masomo mengi ni ya kujibu kwa mdomo, na utaratibu wa shule ni kwamba asiyefaulu mtihani wa kuzungumza hapandi, hata kama anaandika kwa dhahabu.

"Wewe mwenyewe ni mtu wa kazi hii, Mwalimu," akaniambia. "Ungekuwa kwenye kiti changu, ungempandisha?"

Jibu nililokuwa nalo lisingemsaidia mtoto. Baba yako Mkubwa ndiye aliyemwomba tusubiri mpaka mwisho wa mwaka, na alipoona Mwalimu Mkuu anasitasita, akaanza kumsifia suruali yake kwa jinsi ilivyoshonwa. Tukapewa mpaka mwisho wa mwaka. Njiani nikamwuliza kama kweli suruali ile ilikuwa imeshonwa vizuri. Akasema, "Mke wangu, mguu mmoja ulikuwa unaelekea sokoni na mwingine posta."

Mwalimu wa darasa lake ni binti mwembamba ambaye watoto wamempa jina la Mwalimu Raba, kwa kuwa huvaa raba nyeupe hata siku ya kikao cha wazazi. Nakiri nilimtazama miguu kabla ya uso. Yeye ndiye aliyeniomba nisimtafutie mtoto mwalimu wa ziada wala nisimkalishe na vitabu vyangu. Alisema darasa zima wataanza kusimuliana wawili wawili, na akanialika niende kuona.

Nilikwenda. Kila mtoto ana mwenzake wa muhula mzima. Mmoja anasimulia jambo lililompata, la kweli, kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake anasikiliza. Msikilizaji haruhusiwi kumkatiza wala kumsahihisha. Ameruhusiwa neno moja tu: "Enhe." Kisha wanabadilishana. Ufundi wenyewe unakuja baadaye, maana mbele ya darasa hakuna anayesimulia habari yake. Kila mtoto anasimulia ya mwenzake. Akimaliza, mwalimu anamgeukia mwenye habari na kumwuliza, "Ndivyo ilivyo?" Akisema ndivyo, wote wawili wamefaulu. Akisema sivyo, wanarudi kuketi, wanaanza upya.

Kelele, mwanangu! Darasa zima linazungumza kwa wakati mmoja, kama mabati yanayonyeshewa mvua. Mimi nimezoea darasa ambalo chaki husikika. Nilimwambia Mwalimu Raba, tena wazi, kwamba watoto wataokota makosa ya wenzao na kuyabeba maisha yao yote.

"Makosa nitayashika, Mwalimu wangu," akanijibu. "Ila kwanza nataka pawepo na kitu cha kukosea."

Sikukubaliana naye, na katika jambo moja hadi leo hatukubaliani, maana yeye huruhusu sentensi isiyo na mwisho itembee darasani kama kuku asiye na mwenyewe. Lakini njia nzima nilirudi na neno lake kichwani, na hilo halinitokei mara nyingi.

Mwanao alipangiwa binti wa fundi viatu wa kona. Huyu darasa zima linamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mwalimu Raba alisema amewaweka pamoja kwa kuwa kila mmoja ana kilichompungukia mwenzake. Mimi niliona amemfunga sungura kwenye gari moshi.

Wiki za kwanza zilikwenda kama unavyodhani. Redio alisimulia ya kwake, ya baba yake, ya wateja wa baba yake na ya paka wa jirani, na Bwana Mdogo alisikiliza yote. Anasikiliza vizuri mno mtoto yule. Hata "Enhe" alikuwa haitamki, anainua nyusi. Zamu yake ikifika, anatazama dawati. Basi siku ya kusimama mbele ikafika, na Redio hana habari ya mwenzake hata moja mkononi. Mtoto mwingine angesema hana. Redio hawezi kusimama mbele za watu na kusema hana.

Akajitungia. Akatangaza darasani kwamba mama wa mwenzake ni rubani wa ndege na kwamba alikimbilia ng'ambo baada ya kuvunja kioo cha ndege hiyo. Akasema bibi wa mwenzake hulala na rula chini ya mto, na akiota mtu anakosea, huamka na kumchapa babu. Kisha akamaliza kwa kusema babu amemeza sindano, ndiyo maana akikohoa husikika kama cherehani.

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu Raba, aliyenisimulia haya jioni hiyo hiyo kwenye kiti hiki ninachokalia, aliniambia kwamba hakumkataza mtu. Alimgeukia tu Bwana Mdogo, kama desturi yao ilivyo, akamwuliza, "Ndivyo ilivyo?"

Mwanao akasimama. Kiti kikaanguka. Akasema, na darasa zima likasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, "Sivyo! Muongo! Babu hajameza sindano!"

"Basi sema wewe ilivyo," Redio akamjibu. "Mimi nimechoka kukutungia."

Baba yako Mkubwa alicheka mpaka akakohoa, na kwa kweli nilisikia ile cherehani. Mimi sikuona la kuchekesha katika habari ya rula. Kwa taarifa yako, rula hukaa mezani.

Tangu siku ile akaanza kumweleza Redio mambo ya kweli. Sitakudanganya kwamba ulikuwa ushujaa. Ilikuwa hofu ya kusingiziwa. Alimpa habari kidogo kidogo, kama mtu anayelipa kodi: babu hashoni siku ya kichwa kumwuma, bibi hapendi chai ya baridi, mama anasomea uuguzi na si urubani. Redio naye ikambidi akae kimya ili azipate, maana akikatiza tu, Bwana Mdogo anafunga mdomo na kutazama dawati. Nasikia siku hizo fundi viatu alimwuliza bintiye kama anaumwa, kwa jinsi alivyokuwa akinyamaza hata nyumbani.

Kisha likaja zoezi la nyumbani. Kila mtoto amsimulie mtu mzima, na sheria ni ile ile. Alianza na babu yake, lakini babu yake alisinzia kabla habari haijafika njia panda. Akanijia mimi, akasimama mbele ya kiti changu, mikono nyuma.

"Bibi, lakini useme 'Enhe' tu."

"Nimesikia."

"Hata nikikosea."

"Nimesikia, Bwana Mdogo."

Akaanza kunisimulia jinsi kofia ya mwalimu wa michezo ilivyopeperushwa ikatua juu ya bati la choo. Habari ilikuwa nzuri. Lakini maneno, mwanangu! Viunganishi vimerundikana mlangoni, vitenzi vinatoka bila viatu. Nikawa nasema "Enhe" na kumeza, "Enhe" na kumeza, kama mtu anayekunywa vidonge bila maji. Baba yako Mkubwa, ambaye alikuwa ameamka, akadakia kutoka kwenye cherehani: "Leo Mwalimu kapata breki!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia.

"Bibi!" mtoto akasema. "Si umesema neno jingine? Tunaanza upya."

Tukaanza upya. Tulifanya hivyo jioni nyingi. Nilianza kugundua kwamba habari ya tatu haikuwa na viunganishi vingi kama ya kwanza, wala sikuwa nimegusa kitu. Alikuwa akiisikia mwenyewe inapokwama, anarudi nyuma, anainyoosha. Nimewaza sana juu ya hilo. Sitakuandikia nilichowaza, kwa sababu bado nakiwaza.

Hata hivyo, kuzungumza na bibi jioni si kuzungumza mbele ya jopo. Wiki ya mtihani hakula vizuri, na mimi sikulala vizuri, kwa kuwa barua yako ilikuwa imefika na niliijua gharama ya jambo lile kuliko yeye. Hatukumwambia chochote juu ya sanduku lako. Mtoto hawezi kubebeshwa hilo.

Mtihani ulifanyika juzi Alhamisi, katika chumba cha darasa la saba, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Jopo lilikuwa la watu watatu: Mwalimu Mkuu, Mwalimu Raba, na yule mama muuza vitambaa ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Walezi tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti la kutosema. Mwalimu Mkuu alitaka kila mtoto asimame peke yake na ajieleze, kama ilivyokuwa siku zote. Mwalimu Raba akamwomba darasa lake lipimwe jinsi lilivyofundishwa. Walivutana kwa sauti ya chini kwa muda, na mwishowe Mwalimu Mkuu akasema, "Haya, wawili wawili, lakini anayeanguka anaanguka peke yake."

Redio alitangulia. Alisimama, akashusha pumzi, akasema: "Hii ni habari ya mwenzangu, na amenikubalia. Mwenzangu ana sauti ya kitunguu."

Watu wakacheka. Mwanao hakucheka, na Redio pia hakucheka. Aliendelea, na nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, sikusahihisha.

"Mama yake aliposafiri, alipiga simu. Mwenzangu akamwambia, mama, leo nimekula mayai. Mama yake akalia. Jumapili nyingine akamwambia, mama, nimepata viatu. Mama yake akalia tena. Akaona, kumbe hata viatu vinaliza. Siku moja akamsomea babu yake barua ya mama, babu akavua miwani, akalia. Halafu akaja shule hii. Mwalimu akamwuliza pembeni, mama yako yuko wapi, akajibu, na mwalimu naye macho yakajaa maji. Basi mwenzangu akajua sauti yake ni mbovu. Ni kama kitunguu. Hakimuumizi anayekikata moyoni, kinamliza tu. Ndiyo maana aliiweka mbali. Hamkasirikii mtu. Hataki mama yake alie."

Nikadhani amemaliza. Akaongeza: "Lakini mimi nimeisikia muhula mzima, na sijalia hata siku moja. Kwa hiyo si kweli."

Mwalimu Raba akainamia karatasi zake. Ni yeye aliyekuwa amemwuliza swali lile siku ya kwanza, na alikuwa hajajua lilimfanya nini mtoto. Mama muuza vitambaa akatoa leso, akaifikisha nusu ya njia.

Mwanangu, wakati huo Bwana Mdogo aligeuka. Hakulitazama jopo. Alinitazama mimi, huku nyuma, moja kwa moja usoni, kama mtu anayesubiri kuona dawa itafanya nini. Nami machozi yalikuwa njiani. Nilielewa mara moja kwamba tone moja likinitoka, mtoto yule hatafungua mdomo tena, pengine kwa miaka. Nikakaza uso. Niliukaza kama ninavyoukaza ninaposimamia mtihani. Nikatazama ubaoni ambako mtu alikuwa ameacha hesabu ya mgawanyo bila kuimaliza, nikaimaliza kichwani hadi baki yake. Kisha nikamrudishia macho, makavu. Watu wamekuwa wakisema nina uso wa jiwe. Nilimshukuru Mungu kwa jiwe hilo.

Mwalimu Raba akauliza, kwa sauti isiyo imara sana, "Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo," mwanao akasema. Kisha akafikiri. "Ila ya mwisho kaongeza yeye."

"Nimeongeza, ndiyo. Si ni kweli?" Redio akamjibu.

"Haya, msikilizaji sasa ni wewe," Mwalimu Mkuu akamwambia, kisha akamgeukia mwanao. "Bwana Mdogo, tusikie ya mwenzako."

Akasimulia. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, ikabidi mama muuza vitambaa asogeze kiti. Alisimulia kwamba fundi viatu alipokea kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, cheusi, kisigino kimelegea, na mwenyewe akaondoka bila kurudi. Fundi alikitengeneza, akakipaka rangi, akakiweka juu ya rafu. Redio akawa anawaza mwenye kiatu anatembeaje huko aliko. Kila akimwona mtu anayechechemea, anamkimbilia kumtazama miguu. Siku moja alimfuata bwana mmoja mpaka mlangoni kwake, na bwana yule akageuka, akamwuliza anataka nini.

Hapo Bwana Mdogo akakwama kwenye neno, akarudi nyuma kulitafuta.

"Enhe?" akasema Mwalimu Mkuu.

Hakuna aliyemwomba aseme. Lilimtoka tu, na alikuwa amekwisha kuegemea mbele, viwiko juu ya meza. Mwalimu Raba alijifanya hakusikia, lakini niliziona raba zake zikicheza chini ya meza.

"Redio akamwambia, samahani, mimi ni binti wa fundi viatu, ulipoteza kiatu? Yule bwana akasema, nimepoteza mguu, kiatu cha nini? Akapandisha suruali, mguu wa kushoto ulikuwa wa mbao. Akamwambia, kiatu ni changu, baba yako nilimwachia kwa sababu sikihitaji tena, lakini ni kizuri, sikutaka kukitupa. Mwambie akiweke dirishani, watu waone kazi yake. Sasa kiko dirishani. Mkipita mtakiona."

Kufika mwisho, sauti ilikuwa imejaa chumba. Sauti yake ni nzito kidogo kwa umri wake, na ina mkwaruzo kama wa marehemu mama yako. Ni sauti nzuri. Ulikuwa hujaisikia ikisimama sawasawa, wala mimi.

Redio akasema, "Ndivyo," halafu kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza kitu.

Jopo liliinamiana. Mwalimu Mkuu akaandika, akafunika kalamu, akawaita wote wawili. Akamwambia Redio kwamba mtihani wake ulikuwa mgumu kuliko wa mwenzake, kwa sababu alitakiwa kunyamaza, naye amefaulu. Kisha akamwambia mwanao, "Darasa la tano lina dirisha upande wa uwanja. Ukiwahi muhula ujao, utapata nafasi hapo."

Basi, hilo ndilo neno ulilokuwa unalitafuta. Amepanda darasa. Sanduku libaki lilipo, nawe ubaki ulipo mpaka ukamilishe ulichokwenda kukifanya. Utarudi ukiwa muuguzi, si ukiwa mtu aliyekatiza katikati.

Sasa nina maneno ya kukuambia kama mama, na uyasikie bila kujitetea. Sikulaumu kwa machozi. Ni mama gani angesikia "nimekula mayai" kutoka mbali vile asilie? Lakini mtoto alikuwa akiyahesabu machozi hayo kuwa makosa yake. Hakukukasirikia hata siku moja, alikuwa anakulinda. Kwa hiyo akizungumza nawe, msikilize mpaka afike mwisho. Ukihisi yanakuja, tazama ukuta, fanya hesabu, uma ncha ya shuka. Cheka palipo na kicheko. Ukikata simu, lia unavyotaka, hata mpaka asubuhi, nani atakuuliza?

Habari nyingine ni chache. Bomba la uani limetengenezwa, sasa linavuja upande mwingine. Kaka yako amerudi na lori lake salama. Amenyoa ndevu zote bila kutoa sababu, na jana nilimwona akinunua manukato, kwa hiyo sababu ipo na ina jina. Tutamngoja aseme mwenyewe. Kitambaa ulichotuma kimetosha gauni langu na kikabaki; Baba yako Mkubwa amekitumia kilichobaki kumshonea Redio mkoba wa shule, na ameupachika vifungo vingi visivyo na kazi, vilivyochaguliwa na unayemjua.

Wanakusalimu wote. Baba yako Mkubwa anakusalimu na kukukumbusha habari ya mto. Kaka yako anakusalimu akiwa na kidevu kitupu. Fundi viatu anakusalimu, anasema soli za viatu vyako vya kazini ukizivunja uzitume, asione mtu mwingine amezigusa. Mwalimu Raba naye anakusalimu, na ameniomba nikuambie samahani kwa swali lile la siku ya kwanza. Nimemwambia hakuna cha kusamehewa, lakini nimekufikishia.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonitia aibu kuliandika. Barua hii anakuletea mwenzako wa hosteli aliyekuwa likizo. Anaondoka kwa basi la leo mchana, utaipata usiku, kabla ya simu ya kesho Jumapili. Bwana Mdogo hajui nimekuandikia habari za mtihani. Amemkataza kila mtu humu ndani asikuambie, kwa sababu anataka kukusimulia yeye. Tangu juzi anafanya mazoezi na babu yake, na kila mara kofia ya Mwalimu Mkuu inazidi kuwa kubwa, ingawa siku ile Mwalimu Mkuu hakuvaa kofia. Nimekulea nikikukataza uongo, na nilikuwa mkali juu ya jambo hilo. Jumapili, mwanangu, naomba udanganye. Mwulize matokeo yalikuwaje, kana kwamba hujasikia lolote. Akifika pale pa dirisha, ushangae.

Mungu akutie nguvu za miguu na za moyo, akulinde unapokwenda na unaporudi, na akuweke hadi siku utakapomsikiliza mwanao mkiwa meza moja.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,

Mama yako Mkubwa.